Mwone Maksai Kwanza: Vidokezo vya Kusikiliza Nyimbo na Hadithi, Lodwar hadi Kakuma

Kutoka Lodwar hadi Kakuma ni kilomita 120 hivi. Umbali si mkubwa, lakini sidhani kuna kipande kingine cha barabara nchini Kenya kinachounganisha nyimbo na hadithi za watu wengi hivyo. Wako Waturkana wenyewe, Wadinka na Wanuer kutoka Sudan Kusini, Wasomali, Wakongomani na Kiswahili chao, Warundi, Waethiopia. Kila mmoja ana mafumbo yake, na mara nyingi anayaimba huku jirani akitikisa kichwa kwa mdundo tu, bila kujua kinachosemwa.

Shuleni tulifundishwa kuyaendea mafumbo kwa orodha: tashbihi, istiara, tashihisi, jazanda, chuku. Orodha hiyo ina kazi yake, na nitaitaja huko chini. Lakini kwa nyimbo na hadithi za huku kwetu kaskazini, pa kuanzia ni pengine. Kijue kwanza kitu chenyewe kinachotajwa: kinavyochungwa, kinavyoliwa, kinavyoogopwa, kinavyoliliwa. Ukishakijua, nusu ya fumbo umeshalifumbua.

1. Mwone maksai kabla ya kuusikia wimbo

Mwanamume wa Kiturkana aliyelelewa malishoni huwa na ng'ombe mmoja wa moyoni. Si fahali wala si ng'ombe wa maziwa. Ni maksai, emong kwa Kiturkana, aliyehasiwa na kutunzwa kwa ajili ya uzuri wake. Hazalishi, hakamuliwi, havuti jembe. Hufungwa kengele shingoni, na pembe zake haziachwi zikue zitakavyo: hupigwapigwa kwa jiwe na kuelekezwa zikiwa bado changa, mpaka zipinde kama mwenyewe anavyotaka, pengine moja mbele na moja nyuma, pengine zote mbili zikikaribia kukutana juu ya paji la uso. Mwanamume huyo akiimba, humwimba maksai wake.

Mgeni wa mjini akiusikia wimbo huo atasema ni wimbo wa ng'ombe. Ni kweli, ila ameishia mlangoni. Mtazame mwimbaji wakati wa edonga, ile ngoma ya kuruka. Ameinua mikono juu ya kichwa, na mikono haikuinuliwa ovyo. Kiwiko kimoja kimekunjwa, kingine kimenyooka, kiganja kimoja kimeelekea mbele. Hizo ndizo pembe za yule maksai, pinda kwa pinda. Anayemfahamu ng'ombe huyo atamtambua katika mikono ya mtu, ingawa mwenyewe yuko malishoni, mbali na uwanja.

Ukishaliona hilo, wimbo unabadilika mbele yako. Akisifu rangi ya maksai, anajisifu mwenyewe. Tuseme ameimba kwamba maksai wake amevuka mlima na kunywa maji ya ng'ambo: huenda anaeleza safari yake mwenyewe, au ujasiri wake, au jambo analolitamani na hajalipata. Tuseme ameimba kwamba kengele ya maksai imesikika hadi boma la mtu fulani. Basi uliza, boma hilo lina binti gani?

Kwa kila wimbo wa maksai ninakushauri uulize mambo matatu. Ana rangi gani? Pembe zimekaaje? Na alipatikana vipi? La tatu watu hulisahau, nalo ndilo zito kuliko yote. Maksai aliyezaliwa zizini mwa baba, aliyetolewa na mjomba, na aliyetekwa usiku kutoka kwa jirani si maksai mmoja, hata wakifanana kama mapacha. Wa kwanza huimbwa kwa urithi, wa pili kwa shukrani, na wa tatu wimbo wake una mtu mwingine anayelia upande wa pili wa mlima.

2. Uliza mwimbaji anaitwa nani

Wazee wengi wa Turkana wana majina yanayoanza na Apa, yaani baba. Baba wa nani? Mara nyingi si wa mtoto. Ni wa maksai: Apa, kisha rangi au madoa ya ng'ombe wake. Kwa hiyo ukilisikia jina la namna hiyo, umeshapewa mstari wa kwanza wa wimbo bila kuuomba.

Majina mengine huhifadhi siku mtu aliyozaliwa. Akiru au Nakiru akiwa msichana, Ekiru au Lokiru akiwa mvulana, alikuja na mvua. Ewoi ni mgunga, mti wa kivuli, na mara nyingi mwenye jina hilo ana hadithi ya mama yake chini ya mti huo. Katika nchi ambayo mvua ikija watu wanaikumbuka, kumwita mtoto mvua ni kumwambia kila siku kwamba alikuja na neema.

Na kuna chui na mawe. Wanaume wa Kiturkana wamegawanyika makundi mawili, Ng'irisae, yaani chui, na Ng'imor, yaani mawe. Mtoto wa chui huwa jiwe, na mtoto wa jiwe huwa chui, kwa hiyo babu na mjukuu hukutana kundi moja. Ukisikia chui katika wimbo, usikimbilie kusema anamaanisha ukali au hila kama katika vitabu vya shule. Huenda mwimbaji anataja tu upande wake, na anamchokoza baba yake mzazi aliye upande wa pili.

Hata waliokuja kutafuta mafuta walifuata mkondo huu. Visima vya bonde la Lokichar vilipewa majina ya wanyama: Ngamia, Twiga, Ekales ambaye ni mbuni, Etuko ambaye ni punda milia. Habari ya Ngamia 1 ilipotangazwa Machi 2012, wafugaji walikuwa na haki ya kuuliza ngamia huyo atakamuliwa na nani.

3. Ukifika Kakuma, mtafute maksai wa jirani

Hili ndilo ninalotamani kila mwalimu wa Kakuma alijue. Wadinka na Wanuer, waliovuka mpaka wakikimbia vita, wana maksai wa moyoni kama Waturkana. Kijana wa Kidinka akipewa maksai wake huzielekeza pembe, humfunga kengele, humtungia nyimbo, na akicheza huinua mikono kuwa pembe. Jina la maksai humfuata hadi utu uzima. Majina mengi ya Kidinka yanayoanza na Ma ni rangi za ng'ombe dume. John Garang de Mabior, aliyeongoza vita vya kusini mwa Sudan, alibeba katika jina lake dume jeupe. Msomi wa Kidinka Francis Mading Deng alikusanya nyimbo za watu wake katika kitabu cha mwaka 1973, na ukikifungua unakutana na ng'ombe karibu kila mahali.

Wenyeji na wakimbizi wa Kakuma wamewahi kugombana, kwa kuni, kwa maji, kwa mifugo. Wamekaa karibu tangu kambi ilipofunguliwa mwaka 1992. Tangu mwaka huo hadi leo, wengi wa pande zote mbili hawajui kwamba jirani anaimba kitu kilekile. Wakalishe kijana wa Kiturkana na kijana wa Kidinka pamoja, kila mmoja aeleze pembe za maksai wa babu yake kwa mikono. Hawahitaji mkalimani kwa dakika kumi za kwanza.

4. Njaa zina majina. Yajue.

Mama wa Turkana akieleza umri wake, huenda asitaje mwaka. Atataja ukame. Ule wa mwaka 1960 unaitwa Namotor, na jina lake linakumbusha mifupa iliyotokeza. Ule wa 1979 hadi 1981 unaitwa Lopiar, uliofagia. Mifugo ilikufa kwa njaa na magonjwa, na uvamizi ukamaliza iliyobaki. Familia nyingi zilizokuwa zikihama na mifugo zilihesabu mwanzo wa umaskini wao hapo.

Vitabuni tungesema njaa imepewa sifa za mtu, tukaiita tashihisi, tukapata alama mbili. Lakini aliyeupa ukame huo jina la kufagia alikuwa akieleza alichokiona zizini asubuhi. Kwa hiyo ukisikia Lopiar katika wimbo wa mama anayebembeleza mtoto, au katika sala ya mzee, nyamaza kidogo. Hapo limetajwa kaburi la mifugo na la watu pia.

5. Hadithi ya Nayeche: uliza nani anaisimulia, na kwa nani

Kakuma ina redio iitwayo Ata Nayeche, bibi Nayeche. Kuna pia kilima chenye jina lake, Moru a Nayeche. Ni nani huyu bibi?

Simulizi huenda hivi, kwa kifupi. Zamani, juu kule Karamoja katika nchi ya Wajie, ambayo leo iko Uganda, fahali wa kijivu aitwaye Engiro alipotea. Alishuka kufuata bonde la mto Tarach, mto huohuo unaopita Kakuma. Naye Nayeche, mwanamke aliyekuwa akitafuta matunda ya porini, alishuka huko pia. Vijana waliotumwa kumtafuta fahali wakafuata nyayo, wakawakuta wote wawili katika nchi yenye majani na matunda. Wengine wakaja baadaye, wakabaki. Hao ndio Waturkana.

Sasa, usiulize kwanza kama ni kweli. Uliza kila kitu kinafanya kazi gani. Fahali ni malisho, yaani maisha ya wanaume na mifugo. Matunda ya Nayeche ni chakula cha mwituni, kile ambacho wanawake wa Turkana wanakijua na kinachookoa nyumba maziwa yakikauka. Nchi haikupatikana kwa mkuki. Ilipatikana kwa mnyama aliyepotea na mwanamke mwenye njaa. Kwa jamii inayosifika kwa vita, huo ni mwanzo wa ajabu, nami naona ndiyo sababu hadithi hii haichakai.

Halafu geuka umtazame msimulizi. Mturkana akiisimulia, hadithi inasema: sisi tuna nchi yetu, bibi yetu aliifikia. Mjie akiisimulia, inasema: hawa ni watoto wetu walioshuka. Mkutanoni, pande mbili zikiwa zimetoka kuibiana mifugo, hadithi hiyohiyo inasema: mnawezaje kuuana na nyayo ni za mama mmoja? Mtafiti Mustafa Kemal Mirzeler alitumia miaka mingi kwenye simulizi hii akaiandikia kitabu kizima, kilichotoka mwaka 2014, na bado haijaisha. Maneno hayakubadilika sana. Aliyebadilika ni anayesikiliza.

6. Mafumbo mengine hufukiwa ardhini

Huko Lokiriama, magharibi mwa Lodwar karibu na mpaka wa Uganda, Waturkana na Wamatheniko wa Karamoja walifanya mapatano ya amani mwaka 1973. Walifukia silaha ardhini. Wangeweza kusema tu kwamba vita vimekwisha. Lakini neno hubishaniwa, shimo halibishaniwi, na watoto wanaopelekwa hapo leo huonyeshwa mahali penyewe.

Basi unaposoma au kusikiliza hadithi, angalia mikono ya watu pamoja na midomo yao. Nani amempa nani maziwa? Nani ameketi juu ya kigoda chake, nani amekaa chini? Mara nyingi jambo kubwa limesemwa hapo.

7. Jina ulilopewa na mgeni, lipime

Wavulana waliofika Kakuma mwaka 1992 kutoka Sudan walikuwa wametembea miaka. Walikimbia vita hadi Ethiopia, wakafukuzwa huko mwaka 1991 serikali ya Mengistu ilipoanguka, wakavuka mto Gilo ambamo wengi walizama, wakarudi Sudan, kisha wakaingia Kenya. Wageni wakawaita kwa Kiingereza "wavulana waliopotea", jina lililotoka katika hadithi ya Peter Pan ya J. M. Barrie, iliyochezwa jukwaani London kwa mara ya kwanza mwaka 1904. Katika hadithi hiyo, wavulana waliopotea ni watoto walioanguka kutoka vigari vyao, wakaenda kuishi kisiwani wasikue kamwe.

Liweke jina hilo kando ya maisha yao. Hawa walikua wakiwa na miaka saba, minane, wakibeba wadogo zao. Na hawakupotea: walijua kwao ni wapi, walijua ng'ombe wa baba yao kwa rangi. Wengi walikulia Kakuma, na maelfu kati yao wakapelekwa Marekani kuanzia mwaka 2000. Baadhi walilikubali jina hilo, wengine walilikataa, na wote wana haki. Wewe msomaji, kila unapokuta jina zuri la kitabuni limebandikwa juu ya watu halisi, tafuta limetoka hadithi gani, kisha uone linafunika nini.

8. Wimbo wa mapenzi unaweza kuwa unamlenga mtawala

Wasomali wa Kakuma wanatoka katika utamaduni ambao mshairi ni mtu wa kuogopwa. Hadraawi, mshairi wao mkubwa aliyefariki mwaka 2022, alifungwa na serikali ya Siad Barre tangu 1973 hadi 1978. Katika zama zile, mashairi yalisafiri kwa kanda za kaseti, na mpenzi aliyelalamikiwa ndani yake huenda alikuwa nchi yenyewe. Mzee wa Kisomali akikwambia "huu ni wimbo wa mapenzi tu", muulize ulitungwa mwaka gani.

Mkongomani naye atakuletea rumba. Mnamo Juni 1966 Mobutu aliwanyonga hadharani mjini Kinshasa watu wanne, akiwemo aliyekuwa waziri mkuu, Évariste Kimba. Baadaye Franco Luambo akatoa wimbo wa asili wa Kikongo, "Luvumbu Ndoki", kuhusu mchawi anayewala jamaa zake. Hakumtaja mtu. Serikali ikaikamata sahani hiyo, na kwa kuikamata ikakiri kwamba imejitambua.

Kwetu Kenya mfano ninaoupenda ni wa Abdilatif Abdalla wa Mombasa. Alifungwa miaka mitatu tangu 1969 kwa waraka wake "Kenya: Twendapi?", na mashairi aliyoyaandika gerezani yakatoka mwaka 1973 kwa jina la *Sauti ya Dhiki*. Mojawapo linaitwa "Mamba". Juu juu ni shairi la mnyama wa majini mwenye kiburi. Lisome ukijua aliyekuwa madarakani ni Jomo Kenyatta. Na ukumbuke kwamba Kenyatta mwenyewe, kabla ya uhuru, alizuiliwa Lokitaung na kisha Lodwar hadi 1961, katika kaunti hii yenye ziwa la mamba wengi.

Kanuni ya kidokezo hiki ni rahisi: weka tarehe kando ya wimbo.

9. Orodha ya tamathali ije mwisho

Kwa wanafunzi wa kidato cha tatu na nne: msiitupe orodha, mtaihitaji mtihanini. Lakini elezeni kwanza kwa maneno ya kawaida kinachotendeka ndani ya wimbo, kisha mtafute jina lake. Anayeanza na jina huandika "hii ni istiara" na hapo kalamu humkauka.

10. Ulizeni kwa adabu, na ulizeni swali dogo

Usimwendee mzee ukamwambia, "Mzee, maana ya wimbo huu ni nini?" Atakujibu kwa heshima kitu kifupi cha kukuridhisha. Swali hilo linamtaka akupe wimbo mzima mkononi, na hakuna mwimbaji anayefanya hivyo.

Msalimie. Keti chini kidogo kuliko yeye. Kisha uliza kitu kinachoshikika: "Huyu maksai alikuwa wa nani?" "Mlikuwa mnachunga wapi mwaka huo?" "Mlima huu uliotajwa unaonekana kutoka hapa?" Kwa bibi uliza matunda: yapi hupikwa siku nzima, yapi huliwa mabichi, yapi huliwa tu hali ikiwa mbaya. Akifika kwenye hayo ya mwisho, ataimba mwenyewe.

Ukitaka mahali pazuri pa kuanzia, nenda Lodwar wakati wa tamasha la kaunti la utamaduni, Tobong'u Lore. Huja Waturkana wa kila upande, na majirani zao kutoka Uganda, Sudan Kusini na Ethiopia. Watu wengi husogea karibu na jukwaa kuu kwa ajili ya hotuba na picha. Wewe zunguka nyuma, mahali makundi yanapojiandaa kabla ya kuitwa. Hapo hakuna kipaza sauti. Utawasikia wakikumbushana mistari, utawaona wazee wakirekebisha mikono ya vijana, huyu ainue kiwiko, yule apinde kiganja zaidi. Msogelee mmoja wa wanaosubiri, umsalimie, umuulize pembe hizo ni za nani.